Ugonjwa Uendao na Kurudi

Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili alinitaka niandike habari za maisha baada ya shule, nami nilikusudia kuwaeleza ufugaji wa nyuki, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Lakini kila niliposhika kalamu mawazo yalikwenda kwa dada yangu. Basi, wenzangu, nyuki watangoja toleo jingine.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mbale, penye miteremko ya Mlima Elgon. Karo yangu ya miaka miwili ya mwisho hapa shuleni aliilipa yeye, kutoka katika mshahara ambao wasomaji walio walimu wanaujua. Nilipomaliza mwaka 2013 nilipata kazi katika duka la mbegu mjini Mbale, nikajiona mtu mkubwa.

Mwezi wa Machi mwaka 2014, yeye akiwa na umri wa miaka 27, aliamka jicho lake la kulia likimwuma kila alipoligeuza upande. Baada ya siku mbili aliona kwa jicho hilo kama mtu atazamaye kupitia kioo chenye mvuke. Kitambaa chekundu cha mezani alikiona kama kilichofuliwa mara mia, na akifumba jicho hilo akatazama kwa lile la kushoto, wekundu hurudi. Nikampeleka kwa fundi wa miwani, nikalipa karibu mshahara wote wa mwezi. Baada ya majuma sita hivi jicho likapona. Sote tukaisifu miwani, na mimi nikajisifu kidogo zaidi, kwa kuwa fedha zilikuwa zangu.

Mwaka 2016 ikaja ganzi. Ilianzia kwenye nyayo, ikapanda magotini, hata ikafika kiunoni, na hapo kiunoni alihisi kana kwamba amefungwa kamba na mtu anaikaza. Kiliniki ya mtaani walimtibu malaria, kisha homa ya matumbo, kisha wakampiga sindano za vitamini. Mama akampeleka kwa watu wa sala, wakakesha naye siku tatu. Mjomba akaleta mizizi michungu ya kuchemsha. Baada ya miezi miwili ganzi ikaisha. Mjomba akasema ni mizizi, watu wa sala wakatoa ushuhuda mbele ya watu, na mwenye kiliniki akasema sindano zake hazijawahi kushindwa. Wala hawakusema uongo. Kila mmoja alitia mkono wake, na mgonjwa akapona mbele ya macho yake.

Leo najua kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyemponya, wala mimi na miwani yangu. Ugonjwa uliondoka wenyewe kama ilivyo desturi yake.

Madaktari huuita maltipo sklerosisi, na kwa kifupi MS. Maana ya jina hilo ni makovu mengi. Nitaueleza kwa mfano niliopewa mimi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme zipelekazo habari kutoka ubongoni hadi kwenye viungo na kurudisha nyingine. Waya wa umeme huvikwa plastiki, na mshipa wa fahamu nao umevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini. Tena mwilini mwetu wamo askari walindao dhidi ya vijidudu. Kwa mgonjwa wa MS baadhi ya askari hao humkosea adui, wakaishambulia ala hiyo katika ubongo, katika uti wa mgongo na katika mishipa ya macho. Pale palipobanduka, habari hupita polepole au hazipiti kabisa. Baadaye uvimbe hupoa, mwili hujitahidi kutia kiraka, na habari hupita tena. Hapo mgonjwa husema amepona, kumbe kovu limebaki, na kiraka hakiwi sawa na nguo mpya. Wagonjwa wapatao 85 katika kila 100 huanza kwa namna hii ya kuja na kuondoka. Wachache huanza kwa kudhoofika polepole tangu mwanzo, bila nafuu katikati.

Dalili hufuata mahali palipoumia, ndiyo sababu wagonjwa wawili waweza kuketi benchi moja hospitalini wasitambue kwamba wana ugonjwa mmoja. Huyu haoni vizuri, yule anayumba kama mlevi ilhali hajaonja pombe. Mwingine huona vitu viwili viwili, au hushindwa kuzuia mkojo, jambo ambalo watu wazima hawalisemi hata kwa daktari. Dada yangu kila alipoinamisha kichwa kusahihisha madaftari alihisi kitu kama umeme kikishuka mgongoni mpaka miguuni. Alidhani ni uchovu wa ualimu. Na uchovu wenyewe ulikuwa wa namna yake: aliamka asubuhi amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Uchovu huo hauonekani kwa macho, wala haupimwi kwa kipimajoto, na mtu anayeugua hivyo hupewa jina moja tu kijijini.

Nami nilimpa. Novemba mwaka 2018 tulikuwa katika mavuno ya kahawa. Asubuhi alishuka mteremko pamoja nasi vizuri kabisa. Jua lilipopanda alianza kuburuta mguu wa kushoto. Kandambili ikamtoka mguuni, naye akaenda hatua kumi bila kujua kwamba anakanyaga udongo, mpaka watoto wakamwita. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Dada, mbona mguu wako hauumwi mpaka uone gunia?" Watu wakacheka, naye akacheka. Nayaandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe amenikumbusha zaidi ya mara moja.

Jambo lililomtisha Mama halikuwa mguu. Lilikuwa maji ya kuoga. Dada akioga maji ya moto jioni, lile jicho la zamani lilififia tena, naye hutoka bafuni akipapasa ukuta. Baada ya nusu saa akipoa, mwanga hurudi. Mama alisema hayo si maradhi ya kawaida, ni kitu kinachokaa majini. Kumbe daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari hiyo tangu mwaka 1890. Mshipa uliokwisha kubanduka ala hupitisha habari kwa shida, na mwili ukipata joto hata kidogo, shida huzidi. Jua la shambani, homa, maji ya moto, mbio za kwenda kuwahi basi, vyote huamsha dalili za zamani kwa muda mfupi. Si shambulio jipya, na mwili ukipoa hupita. Laiti tungalijua hayo siku ile ya kahawa, tungalimweka kivulini.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 tulimpeleka katika hospitali kubwa, ambayo sitaitaja. Walimpima damu, wakampiga picha ya mgongo kwa eksirei, wakaona mifupa mizima. Wakamwambia ana mawazo mengi, wakampa vidonge vya usingizi. Siwalaumu sana. MS ni ugonjwa ulioenea zaidi katika nchi za baridi, kama za Ulaya ya kaskazini na Kanada, na kadiri mtu anavyokaribia ikweta ndivyo unavyopungua. Basi watu wengi walijifunza kwamba Mwafrika haupati. Kupungua si kukosekana. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao, na nchi zetu nazo zimo katika hesabu hiyo, ingawa wataalamu wa mishipa ya fahamu na mashine za kuugundua ni chache. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara mbili au zaidi, na hupenda kuanza kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati ule ule mtu anapoanza kuwa nguzo ya nyumba.

Mwezi wa Aprili tukaenda Kampala kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole asiye na haraka. Alimgonga dada magoti kwa nyundo ndogo, akamkwaruza nyayo, akamwambia afuate kidole kwa macho. Kisha akaweka kalamu mezani akauliza, "Mwalimu, kabla ya mguu huu, kuna jambo lolote lililowahi kukupata likaondoka lenyewe?"

Dada akajibu, "Hapana, Daktari. Nilikuwa mzima."

Alikuwa hasemi uongo, amesahau. Nani akumbukaye jicho lililouma miaka mitano iliyopita likapona? Mimi nililikumbuka, wala si kwa wema, bali kwa sababu ya fedha. Nikasema, "Daktari, mwaka 2014 nilimnunulia miwani." Yule mama akaishika tena kalamu, akaniuliza jicho lipi, liliuma au halikuuma, rangi zilionekanaje, lilichukua majuma mangapi. Tukatoka hapo tukaingia katika ganzi ya mwaka 2016 na ile kamba ya kiunoni. Alituuliza muda wa saa nzima, naye akaandika kurasa tatu.

Nilielewa baadaye kwa nini maswali yale yalikuwa na thamani kuliko picha zote tulizobeba katika bahasha. Hakuna kipimo kimoja cha damu kisemacho kwamba huyu ana MS. Wakati ule daktari ilimpasa kuthibitisha mambo mawili: kwamba mishipa imeumia zaidi ya mahali pamoja, na kwamba haikuumia wakati mmoja. Kanuni zifuatwazo hutajwa kwa jina la Daktari McDonald. Zilitolewa mwaka 2001, nazo zimerekebishwa mara kadhaa. Basi jicho la mwaka 2014 na miguu ya mwaka 2016 ni mashahidi wawili wa mahali pawili na nyakati mbili. Mgonjwa akimweleza daktari habari za leo tu, shahidi mmoja hubaki nyumbani.

Baadaye nilisoma kisa cha Mwingereza mmoja, Augustus d'Esté, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu, aliyezaliwa mwaka 1794. Mwaka 1822 alikwenda Uskoti kumtembelea jamaa aliyempenda sana, akamkuta amekwisha kufa, na baada ya mazishi macho yake yakafifia. Yakapona bila ya kutiwa dawa yoyote. Miaka mitano baadaye, akiwa Italia, akaanza kuona vitu viwili viwili, na hayo nayo yakapita; kisha miguu ikamlegea. Madaktari walimwagiza ale nyama mara mbili kwa siku na kunywa divai, wakampeleka kuoga katika chemchemi, na kila alipopata nafuu alidhani ameupata mwarobaini wake. Alikufa mwaka 1848. Ugonjwa wake haukuwa na jina mpaka mwaka 1868, ndipo Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipoyaeleza makovu hayo na kuyaunganisha na dalili za wagonjwa wake. Lakini d'Esté aliandika kila kitu katika kitabu chake cha kumbukumbu, kwa miaka zaidi ya 20, na kwa ajili ya kitabu hicho madaktari wa karne iliyofuata waliweza kumtambua maiti kwamba alikuwa na MS. Mjukuu wa mfalme na binti wa mkulima wa kahawa walidanganywa kwa namna moja.

Turudi Kampala. Dada alilazwa ndani ya mashine ya sumaku iitwayo MRI, ambayo hupiga picha za ubongo na uti wa mgongo. Anasema ndani yake ni kama kulala ndani ya pipa huku mtu analigonga kwa nyundo. Katika picha yalionekana madoa meupe ubongoni na mawili katika uti wa mgongo. Walimtia dawa katika mshipa wa damu, na doa moja likang'aa peke yake: hilo lilikuwa jipya, mengine ya zamani. Wakachota pia maji ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni, wakakuta kinga zilizotengenezwa humo humo ambazo hazikuwamo katika damu.

Hata hapo daktari hakutamka jina. Katika nchi zetu yako maradhi mengi yanayojifanya MS: upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu cha mgongo, hata kichocho cha ziwani kikiingia katika uti wa mgongo. Yote yalipimwa. Tena kuna ndugu wa karibu wa ugonjwa huu, aitwaye neuromayelitisi optika, ambaye hupofusha macho na kulemaza miguu kwa ukali zaidi, na ambaye huwapata watu weusi zaidi kuliko weupe. Tangu mwaka 2004 kinga yake imejulikana, hutafutwa katika damu. Kuwatenganisha hawa wawili si ubishi wa wasomi, kwa maana baadhi ya dawa za MS humzidishia mgonjwa wa huyo mwingine. Damu ya dada ilipelekwa nje ya nchi, tukangoja majuma matano. Majibu yakarudi hayana kinga hiyo. Ndipo daktari akalitamka jina, na dada, badala ya kulia, akaniangalia akasema, "Basi sikuwa mvivu." Mimi ndiye niliyetoka nje.

Matibabu yana sehemu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kupoza shambulio. Dada alitiwa katika mshipa dawa ya jamii ya steroidi, gramu 1 kila siku kwa siku tano. Hiyo huharakisha nafuu tu, haizuii shambulio la kesho. Ya pili ni dawa za kuwafunga mikono wale askari wakosefu kabla hawajashambulia tena. Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe, na yeyote awauziaye dawa hiyo, muulizeni kama alishawahi kuuza miwani. Kabla ya mwaka 1993 hapakuwa na hata dawa moja ya kuupunguza mwendo wake. Mwaka huo Marekani ilikubali sindano za interferoni beta, ambazo hupunguza mashambulio kwa kadiri ya theluthi moja. Leo zipo nyingi, na zenye nguvu zaidi, lakini bei zake nyingi ni za kumtia mtu kizunguzungu hata asiye na MS.

Dada anatumia rituksimabu. Dawa hii ilianza mwaka 1997 kwa saratani ya tezi, baadaye madaktari wakaona inafaa kwa MS pia. Hutiwa katika mshipa polepole, kama mara moja kila miezi sita. Kwa kuwa hulegeza ulinzi wa mwili, alipimwa kwanza homa ya ini na kifua kikuu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na glatirama na kladribini. Orodha hailipi bili ya hospitali. Sisi tuliuza ng'ombe wawili, na shangazi akauza kipande cha shamba. Walakini dawa ikiwa katika orodha hiyo, serikali huwa na njia ya kuanzia.

Kuna habari moja ambayo haina budi kuingia katika gazeti la shule ya Uganda. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walichunguza kumbukumbu za damu za askari zaidi ya milioni 10, miongoni mwao 955 waliopata MS. Waliona kwamba hatari ya kupata ugonjwa huzidi mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1964 mjini London, katika vipande vya uvimbe wa mataya vilivyopelekwa kwa ndege kutoka hapa Uganda, vya watoto waliotibiwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Kampala. Karibu kila mtu mzima duniani anacho, na walio wengi hawapati MS kamwe. Kwa hiyo peke yake hakitoshi, na kilichobaki bado kinatafutwa. Wanafunzi wa sayansi walio kidato cha tano, kazi ipo.

Tangu aanze dawa hajapata shambulio jipya. Mguu wa kushoto haukurudi sawa. Hutembea na fimbo siku za joto, na hufundisha ameketi, kitambaa chenye maji baridi shingoni, maana darasa lake lina paa la bati. Mwanafunzi mmoja humwandikia ubaoni. Huoga maji ya baridi, na Mama amekoma kusema habari za majini.

Ana daftari analoandika kila jambo la mwili wake na tarehe yake, atakalompa daktari kila aendapo. Kurasa za mwanzo nilimwandikia mimi, kwa kukumbuka. Mwezi uliopita nilizifungua. Chini ya mwaka 2014 niliandika: jicho la kulia, maumivu, majuma sita, miwani. Hilo neno la mwisho amelikata kwa kalamu nyekundu, kama akatavyo kosa la mwanafunzi.